Kitambaa Cheusi cha Chiriku

Asubuhi ile Chiriku aliamka kama siku zote. Alitandika kitanda, akaosha vikombe, akafagia chumba cha mbele ambamo bibi yake alishonea nguo za watu, kisha akaenda kuvaa sare. Jina la Chiriku alipewa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupoi.

Alipolishika sweta, moyo ulimlipuka. Mkono wa kushoto ulikuwa na tundu la kupitisha vidole. Jana yake alikuwa amepenya kwenye seng'enge nyuma ya shule ili asizunguke hadi getini, na njia hiyo Bibi alikwisha kumkanya mpaka akachoka.

"Akiona tu, leo nimekwisha," alijisemea.

Chini ya cherehani palikuwa na kapu la vipande vya nguo vilivyobaki. Alipekua haraka haraka, akapata kimoja cheusi cha bitana ya suruali. Alikikunja vizuri, akakibana kwa pini juu ya tundu, akaondoka huku ameubana mkono ubavuni.

"Bibi, nimekwenda."

"Haya, mama. Na upite getini."

Kengele ilikuwa imeshalia alipofika. Mwalimu wa darasa lao ndiye aliyekuwa zamu, na wachelewaji walikuwa wamepangwa mstari wakingoja kwenda kusugua vyoo. Chiriku alijipanga mwisho. Mwalimu akamfikia, akautazama mkono wake, na sauti yake ikashuka.

"Pole sana, mwanangu. Wewe nenda darasani."

Chiriku hakuelewa pole ilikuwa ya nini, lakini hakungoja kuuliza. Alipita upesi kabla Mwalimu hajageuza nia.

"Chiriku, leo umemeza kufuli?" mvulana wa dawati la nyuma alimtania alipomwona anakaa bila neno.

Mwenzake alimkanyaga mguu. "Nyamaza wewe. Hukioni kitambaa? Mwenzio amefiwa."

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa, na masikio yakamwaka moto. Angeweza kusema palepale kwamba sweta limechanika tu. Lakini angerudishwa kwenye mstari wa vyoo, na darasa zima lingemcheka. Akainamia daftari. Chiriku aliyekuwa hanyamazi hata akila, siku ile alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikowafanya wote waamini.

Basi wakamhurumia. Aliachiwa kiti cha dirishani. Msichana mmoja mchoyo, ambaye hakumwazima mtu hata kifutio, alimletea penseli zake za rangi bila kuombwa. Kusema kweli, Chiriku alifurahi kidogo.

Wakati wa mapumziko, msichana waliyemwita Twiga kwa urefu wake alikuja kukaa karibu naye nyuma ya darasa. Baba yake Twiga alikuwa amefariki muhula uliopita, na tangu hapo hakuwa mtu wa maneno.

"Mimi changu nilikivua mapema," alisema, akikiangalia kile kitambaa. "Watu wakikiona walikuwa wanaacha kucheka. Nami nilitaka wacheke, nisikie kicheko walau cha nyumba ya jirani, kwetu kilikuwa kimekwisha."

Chiriku alikifunika kitambaa kwa kiganja.

"Koti la baba bado limening'inia mlangoni. Mama akitoka, naingia ndani yake nasimama tu. Lina harufu yake. Sijamwambia mtu yeyote, wataniona nina wazimu." Twiga alivuta pumzi. "Wewe umefiwa na nani?"

Chiriku alifungua mdomo. Akaufunga tena. Akainamisha kichwa, na Twiga akadhani ni kilio.

"Basi, usiseme. Hata mimi nilikuwa siwezi kusema."

Akamshika mkono. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikaa hivyo, mkono wake ndani ya mkono wa Twiga, na ile furaha ndogo ya asubuhi ikamtoka.

Mchana Mwalimu alitangaza kwamba baada ya masomo yeye na wanafunzi wachache wangemsindikiza Chiriku nyumbani kuwapa pole jamaa zake. Chiriku alinyoosha mkono kidogo, kisha akaushusha. Njiani, kila walipokata kona alijiambia atasema kwenye kona inayofuata. Kona zikaisha.

Kicheko cha Bibi ndicho kilichowapokea. Alikuwa na kamba ya kupimia shingoni, akimpima jirani kiuno cha suruali.

"Suruali ni ileile, jirani. Tumbo ndilo lililohama," alikuwa anasema.

"Nipunguzie utani, fundi, nitapeleka kwingine," jirani alijibu.

Mwalimu alisimama mlangoni amepigwa na butwaa. "Shikamoo, Bibi. Tumekuja... Poleni na msiba."

"Marahaba. Msiba gani, Mwalimu?"

Macho yote yalihamia kwenye mkono wa Chiriku. Bibi akayafuata. Alimsogelea, akachomoa pini taratibu, na tundu likaonekana.

"Seng'enge," Bibi alisema.

"Sikusema kuna msiba," Chiriku alinong'ona huku machozi yakimdondoka. "Sikusema neno lolote, Bibi. Wamesema wao."

"Hukusema wewe. Kilisema kitambaa, na ulipokisikia kinasema uongo, ulikiacha kiendelee."

Hakuna aliyecheka. Chiriku angefurahi kama wangecheka. Alipoinua macho, Twiga hakuwepo. Alikuwa ametoka.

"Mfuate," Bibi alisema. "Hilo siwezi kukushonea mimi."

Chiriku alimkuta ameegemea ukuta wa nje. "Nisamehe. Habari za koti sitamwambia mtu."

"Si koti," Twiga alisema bila kumtazama. "Nilidhani nimepata mwenzangu."

Akaenda zake. Maneno hayo yalimuuma Chiriku kuliko fimbo.

Jioni Bibi hakufoka. Alimpa sindano na uzi, akamkalisha karibu yake atie viraka mwenyewe.

"Mwanangu, mtu akivaa koti jeupe hospitalini, mgonjwa anampa mkono adungwe bila kumuuliza umesoma wapi. Ukimwona mama ana pete kidoleni, unajua ana wake. Sare yako hiyo ukipotea, mtu baki ataisoma akurudishe shuleni. Tunaaminiana hata kabla ya kufungua mdomo. Sasa ukivaa huzuni usiyokuwa nayo, kesho mwenye huzuni ya kweli akipita, watu watamtilia shaka. Uliyemwibia hasa ni yule mtoto mrefu."

"Nifanye nini, Bibi?"

"Ulinyamaza mbele ya wote. Kasemee mbele ya hao hao."

Kesho yake Chiriku alisimama mbele ya darasa. Alieleza habari za seng'enge, tundu na kitambaa, na jinsi alivyoona raha kuhurumiwa. Wengine waliguna. Yule mchoyo alidai penseli zake papo hapo. Chiriku alizirudisha, akaenda mwenyewe kusugua vyoo bila kutumwa.

Alikuwa ameinama na ufagio aliposikia maji yakimiminwa sakafuni nyuma yake. Ni Twiga, na ndoo.

"Bado nimekukasirikia," Twiga alisema.

"Najua."

"Sogea basi. Unasugua palepale tu."

Mwalimu, aliyekuwa akipita, alisimama akawatazama. "Chiriku, leo hukuvaa kitu cha kuwadanganya watu, ukasema kweli kwa mdomo wako. Imekuuma?"

"Imeniuma, Mwalimu."

"Ndivyo inavyokuwa. Lakini sasa mtu akikupa pole, itakuwa yako."

Chiriku aliinamisha kichwa kwa aibu, akaendelea kusugua.