Mkufu wa Kiti

Saa sita mchana. Chumba cha nyuma cha saluni, Yeoville, mtaa wa wahamiaji. Redio imefunguliwa kwa nguvu, makusudi.

"Atakuwa peke yake hadi saa nane," Gustave alisema. Yeye ndiye mlinzi wa geti la Mama Victoire, mjane wa mwami, mfalme wa kwao Kivu. "Bakiri, utanishika kama mateka. Mama atafungua sefu, atatoa mukufu. Mutu asiumizwe."

"Sharp," alikubali Bakiri, mtu wa Tanga, mwenye bastola. Pitchou, dereva, alichezea funguo.

"Mukufu haiko yake," Gustave aliendelea, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Wageni walimupatia mwami. Ni mali ya kiti cha mwami. Bibi wa mwami anavaa tu, anarudisha. Hatuibie mutu."

Alikuwa amejidanganya hivyo wiki nzima, na usingizi ukamkataa. Kila mchana mama huyo alimletea bugali na sombe, majani ya muhogo, getini, kwa mkono wake mwenyewe.

Saa saba. Observatory, mtaa wa jirani. Gustave alifungua geti. Bakiri, uso umefunikwa, akamsukuma hadi sebuleni, bastola kisogoni.

"Mkufu!"

Mama Victoire alisimama wima.

"Mukufu ni ya kiti. Haiko yangu, siwezi kukupatia." Kisha akamwona Gustave, na uso ukambadilika. Akavua bangili ya dhahabu mkononi, akamnyooshea Bakiri. "Iyi mwami alinipatia mimi, siku ya ndoa. Achilia mutoto wangu. Kamata! Kamata!"

Kwao Kivu, kamata ni chukua. Bakiri alisikia mlinzi akiamriwa amkamate. Akamgeuzia mama bastola, akafyatua.

"Alikuwa anakupa!" Gustave alipiga yowe. "Mjinga wewe, alikuwa anakupa!"

"Kasema nikamatwe!"

Nje, gari lilinguruma. Pitchou aliposikia risasi hakungoja mtu. Bakiri alitoka mbio kulifuata, mikono mitupu.

Gustave naye angeweza kukimbia. Alipiga magoti, akakandamiza jaketi kwenye jeraha la mama. Damu ilipita tu.

"Alikuumiza, mutoto wangu?" mama alinong'ona.

Swali hilo lilimchoma kuliko ambavyo risasi ingeweza. "Hapana, mama. Ni mimi nilimufungulia geti. Unisamehe."

Hakujua kama mama alisikia. Macho yake yalikuwa yamekwisha kutulia.

Polisi walimkuta hapo hapo. Walimuuliza kwa Kiingereza, kisha kwa Kizulu, nani aliwaingiza majambazi. Gustave alinyoosha mikono yote miwili, bangili ya mama juu ya kiganja.

"Kamata," alisema.

Afisa hakujua Kiswahili. Alichukua bangili kwanza, kisha akamtia pingu.