Mstari wa Munezero

Walikutana kwenye depo ya maharage pale Majengo, lori la Rutshuru likishushwa. Rémy Bulonza, mchoraji mwenye shati lenye madoa ya rangi, alisimama njiani akinakili alama za makaa zilizo kwenye magunia. Munezero, mwenye mzigo, kitenge cha njano kimemkaa sawasawa, akamwendea.

"Papa, unaandika nini kwa magunia yangu? Uko mutu wa taxe, wa kodi?"

"Hapana, mama. Niko peintre. Hii alama ni ya nani?"

"Yangu. Kila mwenye kuuza iko na yake."

"Fanya tena. Nataka kuona mukono."

Akacheka, akaichora: duara lisilofungwa, na mkia uliotupwa haraka. Bwana huyu aliutazama mkono, wala si gunia, na mambo hayo sote tunajua yanavyoendelea.

Zamani Rémy alichora herufi zinazosomeka. Sasa zikalegea, zikawa mapindo na mikia tu. Kila jioni simu ililia.

"Cheri, leo umechora nini?"

"Mukono yako."

"Na mwenye mukono?"

"Huyo ananinyima usingizi."

Mwezi wa nne tangu wakutane, Rémy akamwalika kwenye maonyesho yake. Munezero alisuka upya, akaja amependeza. Ukutani aliona alama yake, kubwa, nyeusi, na juu yake mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Akaweka chini soda aliyopewa, akatoka. Siku tano hakupokea simu.

Rémy akamfuata depo.

"Munezero, nimekosa nini?"

Munezero akachora alama yake kwenye gunia, akaikata kwa mstari.

"Gunia ikiuzwa, tunakata hivi. Haiko yangu tena, iko na mwenyewe mwingine. Mbele ya batu wote umenikata. Umeniuza kwa nani?"

 Mistari ile Rémy aliiona kwenye magunia tangu siku ya kwanza, akaipenda, asiulize.

"Nilifikiri ni mukono tu. Unisamehe. Miezi mine natazama, sikuuliza kitu."

"Basi uliza."

"Batu wawili wakitaka kuweka muzigo pamoja, wanaandika namna gani?"

Munezero alikuwa bado na hasira, na alikuwa bado anampenda.

"Alama mbili, gunia moja. Bila mustari."

"Mimi sina alama."

Akampa kipande cha makaa. "Tafuta yako. Yangu usiguse."

Rémy akachutama mbele ya gunia, asijue aanzie wapi. Munezero akavuta kigoda, akakaa kumsubiri.