Kilo Tatu Nukta Mbili

"Begi langu usiliguse."

"Nalisogeza tu, Kiongozi. Limekaa njiani."

"Limekaa nilipoliweka. Na hapa si kazini, hilo jina liache."

Nukta akaachia mkanda wa begi, akaketi juu ya la kwake. Walikuwa kwenye gati la kivuko, mahali barabara ilipoishia. Mbele yao ulikuwepo mto wa upana wa mita mia nne hivi, maji ya rangi ya udongo, na viboko saba waliokuwa wakitoa masikio na kuyazamisha. Ng'ambo hakukuonekana kitu ila matete, kisha msitu, kisha nyika ambayo kwenye ramani ya ofisi yao ilikuwa imeachwa nyeupe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutumwa kuipima.

Walikuwa wamepanda mabasi matatu kwa siku mbili. La pili lilizimwa katikati ya barabara kwa saa tano nzima, kundi la tembo likila miti pande zote mbili. Nukta alitania kwamba tembo wana hasira kidogo kuliko Kiongozi. Tangu hapo maneno yao yalikuwa ya kukatana.

"Wiki tatu kabla ya harusi," Kiongozi akasema. "Kadi zimeshagawiwa, mama yangu anahangaika na wageni mia mbili peke yake, na mimi nimekaa hapa nahesabu viboko. Kwa nini ilikuwa lazima iwe wiki hii?"

"Nilishakujibu."

"Nijibu tena. Lile la kwanza halikuniingia."

"Tupumzike kambini kule ng'ambo, siku sita. Tuwe mahali ambapo hakuna mtu wa kutupigia simu. Kosa liko wapi?"

"Wewe simu unaingia nayo hadi bafuni. Lini umeanza kutamani kukosa mtandao?"

Nukta akaangalia mto.

Wote wawili walikuwa wapima ardhi, yeye Kiongozi akiwa mkuu wa timu. Miaka minne walikuwa wamefanya kazi kwa sheria moja: namba ikisikika, anayeisikia huirudia kwa sauti, na mwenye kitabu huiandika hapo hapo. Nukta aliisoma darubini, Kiongozi aliandika. Mchumba wake alipewa jina la Nukta kwa sababu hakuwahi kusema mita sita. Alisema mita sita nukta sifuri.

Karani wa kivuko, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, akaja akiburuta ndala.

"Wapendanao, sikilizeni. Kivuko ni saa sita kasorobo. Basi la kurudi mjini ni saa sita, ila likijaa mapema linaondoka mapema. Ukikosa vyote viwili, usafiri mwingine ni baada ya siku tatu. Hoteli hakuna. Niko mimi, na mimi nakoroma."

"Mtandao je?" Nukta akauliza.

"Panda ngazi ya tangi la maji lile. Kipandio cha tano. Cha nne hupati kitu, cha sita unapata nyuki."

"Na ng'ambo?"

"Ng'ambo siku sita husikii hata salamu ya shetani."

Nukta akainuka. "Nimjulishe mama tumefika salama."

Akapanda. Kiongozi akasimama chini ya ngazi, akatoa kitabu chake kidogo kuandika saa za kivuko na basi. Kabla Nukta hajabonyeza namba yoyote, simu yake ikaita yenyewe.

"Haloo? Shikamoo, mama. Sikusikii vizuri, sema kwa nguvu kidogo."

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka mtoni. Nukta akaziba sikio la pili.

"Kilo tatu nukta mbili. Ndiyo. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Wodi ya tatu, kitanda cha tisa. Nimeshika, mama. Wote wazima? Asante. Asante sana, mama."

Kiongozi akatazama kitabu. Mkono wake ulikuwa umeandika peke yake, kama ulivyofanya kwa miaka minne. Chini ya saa za kivuko kulikuwa na mistari mipya: 3.2. Saa 11:20. Wodi 3. Kitanda 9. Akaisoma mara mbili.

Nukta akashuka akipangusa kutu mikononi.

"Mama anakusalimu."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Kwani nina mama wangapi?"

"Hilo ndilo nauliza. Kilo tatu nukta mbili ni kitu gani?"

Akapangusa kutu ambayo haikuwepo tena mikononi.

"Mzigo. Kifaa kipya cha ofisi ya kanda kimefika."

"Kifaa kimelazwa kitanda cha tisa?"

"Sasa umeanza kunichunguza."

"Sijachunguza. Umesema kwa sauti, nimeandika. Kazi yetu ndiyo hiyo."

Akamgeuzia kitabu. Nukta akakiangalia, kisha akaangalia ngazi kana kwamba ngazi ndiyo iliyomsaliti.

Kiongozi hakuwa mtu wa kulia haraka. Alipanga alichokijua. Ofisi ya kanda ilikuwa na mchoraji ramani mmoja, binti mwenye sauti ya taratibu ambaye Kiongozi hakuwahi kuonana naye ana kwa ana. Walizungumza naye kwa simu tu, wakimsomea vipimo. Alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Nukta ndiye aliyepeleka vitabu huko, na alirudi Jumapili.

"Ni Mchoraji," akasema.

Nukta akainama, akakaza kamba ya kiatu.

"Nilimnunulia blanketi. La njano, kwa sababu hatukujua ni wa kike au wa kiume. Wewe ndiye uliyelipeleka."

"Alilipenda," Nukta akasema, na mara akatamani kulirudisha neno lile kinywani.

"Naona."

"Nisikilize. Tuvuke kwanza. Tukifika ng'ambo nitakueleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho."

"Siku sita bila simu. Utaeleza wewe, na mimi sitakuwa na mtu wa kumuuliza kama ni kweli."

"Huniamini?"

"Nukta, bwana, acha utani."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Zilibaki dakika thelathini na tano, na ndani yake ilibidi ajue kama ana harusi au hana. Akavuta simu mfukoni, akashika ngazi. Nukta akamzuia.

"Mzazi ana saa chache tu tangu ajifungue. Unataka kumpandisha presha?"

"Nataka kumpa hongera. Toa mkono."

Akatoa mkono. Kiongozi akapanda hadi kipandio cha tano. Simu iliita mara nne.

"Dada?" Sauti ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyechoka. "Umejuaje? Hata ofisini sijawaambia."

"Habari zimenifikia hadi gramu. Hongera sana."

"Asante, dada. Wa kiume. Ana mapua makubwa, maskini."

"Baba yake amemwona?"

"Bado. Si yuko porini anapima? Mama alimkasirikia sana. Nikamwambia, mama, kazi ni kazi, na dada ni mkali, hatoi ruhusa." Akacheka kidogo. "Usikasirike. Sikukulaumu."

Kiongozi akashika chuma cha ngazi kwa nguvu.

"Nakwambia jambo, na silo la kukutukana. Hajaenda kupima popote. Yuko likizo. Ombi aliliandika mwenyewe, tarehe alizichagua mwenyewe, mimi nilitia sahihi tu. Yuko hapa chini ya miguu yangu. Na mimi ndiye mchumba wake. Harusi ni wiki tatu zijazo."

Upande wa pili mtoto akalia, akanyamazishwa.

"Alisema aliachana na mchumba wake mwaka jana," Mchoraji akasema polepole. "Alisema ni mwalimu."

"Mimi sijawahi kumfundisha mtu chochote."

"Dada, unanichukia?"

"Sijui bado. Leo hapana. Lala, upate maziwa."

Kabla ya kushuka akaandika ujumbe kwa mama yake: *Mama, harusi haipo. Mimi mzima. Waambie watu, sababu nitakueleza nikirudi.* Akautuma, akasubiri mpaka alipoona umefika.

Nukta alikuwa amesimama pale pale.

"Nafundisha somo gani?"

"Nini?"

"Mwalimu. Nauliza somo. Hesabu, au?"

"Nilikuwa sijui nifanyeje," Nukta akasema. "Ilitokea. Kisha ikatokea tena. Nilitaka tuoane kwanza, halafu nikuambie taratibu, ukiwa umeshazoea."

"Nizoee nini? Ndoa, ili nikikasirika nisiwe na pa kwenda?"

"Nakupenda wewe. Yule nilimhurumia."

"Na mimi ukanifanya bosi mbaya anayemzuia mtu kwenda kumwona mwanawe. Kunisaliti ni kitu kimoja. Hili la kunitumia kama kisingizio, ulikaa chini ukalitunga."

Nukta alikuwa hodari wa namba, si wa sentensi.

"Basi lile pale," Kiongozi akasema. "Una mtoto ambaye hujamwona. Panda."

"Na wewe?"

"Mimi nimelipia likizo. Naenda likizo."

Nukta akasimama kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Mwishowe akachukua begi lake, akampa kondakta, likarushwa juu ya basi na kufungwa kamba. Lakini hakupanda. Filimbi ya kivuko ilipolia, na Kiongozi akaanza kushuka gatini, alikimbia nyuma yake.

"Huwezi kwenda kule peke yako. Kuna simba."

"Simba angalau haniambii yuko kazini."

"Miaka minne, jamani. Unaitupa kwa simu moja?"

"Simu mbili. Moja yako, moja yangu."

"Nitamwacha. Leo hii. Nimpigie mbele yako nimwambie?"

Kiongozi alisimama hapo. Alimwangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi bila hasira, kama anavyoangalia alama ya mpaka iliyong'olewa.

"Mtoto hana hata siku moja duniani, na wewe tayari unamwacha," akasema. "Nashukuru umesema kabla sijavuka."

Karani akaingiza tumbo lake kati yao.

"Bwana, unapanda au unashuka? Lango la kivuko halikai wazi kwa ajili ya mapenzi. Nina mbuzi hapa."

Nukta alikuwa na mguu mmoja kwenye chuma cha kivuko na mwingine kwenye saruji ya gati. Nyuma yake honi ikalia mara mbili. Basi lilikuwa limejaa. Lilianza kugeuza taratibu, begi lake la bluu likiwa juu.

Akageuka, akakimbia. Lango la kivuko likainuliwa. Kiongozi alimwona akipiga ubavu wa basi kwa kiganja mara moja, akaukosa mara ya pili, kisha vumbi likamfunika. Vumbi lilipotua alikuwa bado yupo, katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Yule bwana anakoroma?" karani akauliza, amesimama kando yake kivukoni.

"Sana."

"Basi tutaelewana nikirudi."

Kwenye sitaha ya juu, karibu na chumba cha nahodha, simu ya Kiongozi ikatetemeka mara mbili. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mama: *Nimesoma. Nimeanza kuwapigia. Umekula?*

Wa pili ulitoka kwa Mchoraji: *Dada, nimemwandikia asije. Mama amekaa mlangoni mwa wodi na mwavuli wake. Mtoto nimempa jina la baba yangu mzazi.*

Akaanza kujibu. Alikuwa ameandika neno moja tu, *Vizuri*, alama za mtandao zilipopungua moja moja hadi zikaisha. Viboko walizama kupisha kivuko. Akashuka sitaha ya chini, akaiweka simu ndani kabisa ya begi, chini ya nguo.

"Mzee, gari la kambini linaondoka saa ngapi?"

"Likijaa," karani akasema. "Leo uko wewe na mbuzi wanne. Nadhani limejaa."

Kiongozi akavuta begi lake pembeni, mbuzi wapate nafasi ya kusimama.