Upanga wa Mtu wa Shoto

Saa nne kasoro dakika kumi na nne asubuhi, Sindano alimrukia yule mtu juu ya paa la karakana.

Wakabiringika mpaka ukingoni. Bastola ya Glock ikamgusa jamaa nyuma ya sikio.

Alikuwa sonara, wenzake walimwita Vito. Siku tatu Sindano amemwinda, leo amemtia mkononi, na jamaa anacheka. Mtu aliyekamatwa akicheka, ogopa.

"Umechelewa, bwana mdogo. Boksi liko mezani."

Sindano alijua meza gani. Ngomeni, kilomita mbili kutoka hapo, mawaziri wakuu wa nchi mbili jirani walikuwa wakisaini mkataba wa mpaka. Saa nne kamili wageni wangepewa sarafu za ukumbusho: upande mmoja ngome, upande wa pili mlinzi wake wa kale, aliyelishika lango peke yake siku saba. Sarafu arobaini, kila moja ndani ya boksi lake lenye kifuniko cha kioo.

Moja ilikuwa ya bandia, na chini yake baruti ya kuumaliza ukumbi. Wauza bunduki hawapendi majirani wapatane.

Na mwanamke aliyesimama mezani kuzigawa ndiye aliyezichora. Mama mdogo wake Sindano, aliyemlea tangu ana meno mawili.

"Boksi lipi?"

"Tafuta. Mkianza kutoa watu, mwenzangu humo ndani anabonyeza. Mkinyamaza, anabonyeza saa nne." Vito akatema mate. "Kazi yangu safi kuliko yenu. Hata lile kosa lenu la aibu nimewasahihishia."

Sindano akamfunga pingu kwenye bomba la maji, akashuka ngazi tatu tatu.

Pikipiki yake ya Yamaha ikanguruma.

"Sindano kwa Mama Faili," aliita redioni.

"Sema," alijibu bosi wake.

"Boksi moja kati ya arobaini. Kuna mtu wa rimoti ukumbini. Asitolewe mtu."

"Utalijuaje hilo boksi?"

"Sijui."

Redio ikakoroma kidogo. "Basi jua," alisema Mama Faili.

Wanaosema jasusi haogopi hawajapanda pikipiki siku kama ile. Mkono wa kulia ulitetemeka mpaka usukani ukacheza.

Kosa la aibu. Kosa gani?

Akapiga simu.

"Mama mdogo, usikate. Ile sarafu yako ina kosa?"

"Kosa?" Alinong'ona, lakini hasira haikunong'ona. "Miezi minane nimechonga, macho yameniisha, leo unaniuliza kosa? Kosa ni siku niliyokufundisha kusema."

"Kuna mtu ameirekebisha. Nakuomba, fikiri. Mtu asiyejua angeona nini kibaya?"

Saa nne kasoro dakika tano.

"Upanga," alisema polepole. "Mlinzi alikuwa mtu wa shoto. Nimemshikisha upanga mkono wa kushoto. Kuna fundi mmoja aliniambia shujaa wa taifa hashiki kwa kushoto, ni utovu wa adabu."

"Tazama mezani. Usiguse. Yuko wapi aliyeshika kwa kulia?"

Alimsikia akipumua. Alisikia na makofi, mkataba umesainiwa.

"Safu ya tatu. La mwisho. Mwanangu, hili nini?"

"Ondoka hapo. Nakuja."

"Wewe uko wapi?"

"Langoni."

"Mbali," alisema mama mdogo, akakata simu.

Sindano akaiangusha Yamaha kwenye mawe ya ua, akakimbia. Mlango wa ukumbi ukafunguka kabla hajaufikia. Akatoka mwanamke mfupi wa miwani, mkoba kifuani, anatembea kama aendaye msalani.

"Nimekwambia usiguse."

"Na mimi nimekulea ukanisikiliza lini? Shika, limo humu."

Saa nne kasoro dakika moja.

Katikati ya ua palikuwa na kisima kikavu cha ngome. Hatua ishirini. Mkoba ulikuwa mwepesi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akautupa ndani, akamwangusha mama mdogo chini, akamlalia.

Saa nne kamili ardhi ikaruka. Mawe yakapanda, yakashuka.

"Uko mzima?"

"Uzito huo nao utaniua," mama mdogo alijibu chini yake.

Sindano alikuwa ameshafika mlangoni. Ukumbini watu wote wamelala sakafuni, wamefunika vichwa. Wote, ila mpiga picha mmoja. Yeye amesimama, anakitazama kidude kilicho mkononi mwake, anakibonyeza tena, na tena.

Sindano akamshika kifundo cha mkono, akakipinda mpaka rimoti ikaanguka.

"Mkono wa kulia," alisema. "Mna adabu sana nyinyi."

Redio ikakoroma. "Sindano?"

"Wawili. Mmoja paani, mmoja hapa. Leteni gari."

Askari walipomchukua mpiga picha, mama mdogo alikuwa uani anapangusa vumbi kwenye miwani.

"Unatetemeka."

"Baridi."

"Na jua hili?" Akafungua kiganja. Kilikuwa na sarafu moja, ya kweli. Akampa kwa mkono wa kushoto.

Sindano akaipokea kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliuficha mfukoni, bado unacheza. Akavaa miwani ya jua, akapita langoni polepole, hakugeuka.