Bahasha ya Raymundi

Tekla, jirani yao pale Igalula, anashikilia mpaka leo kwamba Marcelina alimwachilia kuku wake makusudi. Anasema ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu, treni ya Tabora imesimama, watu wanasukumana, binti kamtazama kijana mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, ndipo kamba ikalegea.

Tekla alikuwa mbali. Marcelina alikuwa amemshika mama yake, Apolinaria, aliyetoka hospitali kupimwa uvimbe wa titi, na kuku akamponyoka. Kijana akamdaka.

"Dada, kuku wako amenikaribisha kabla yako."

"Basi mwombe yeye chakula."

Huyo alikuwa Kasimiri, mganga mpya wa zahanati. Raymundi, aliyekuwapo kabla yake, alikuwa amehamishiwa Choma wiki hiyo. Kuanzia hapo Kasimiri hakuisha kupita kwao, mara kuomba maji, mara kuuliza hali ya mama.

Lakini uvimbe ulipoanza kuuma alitoa aspirini tu. Alisema anangoja neno la daktari mkubwa wa Tabora, ndiye aliyepima. Mwezi wa pili, jibu lile lile. Marcelina akaona huyu hajali. Akaacha kumwitikia, akawa anapita njia ya mbali kwenda kisimani. Nyumbani mama alilala kageukia ukuta. Siku nzima ikapita Marcelina hana mtu wa kusema naye.

Mwezi wa nne Kasimiri akaja mbio, karatasi mkononi. Alikuwa ameandika Tabora mara mbili, akajibiwa kwamba barua alipewa mgonjwa mwenyewe, siku ile ya treni.

"Ipo," Marcelina akasema. "Lakini si yako. Nilimsomea mama jina la juu ya bahasha, Raymundi. Akasema barua ya mtu haifunguliwi, tumngoje aje kusalimia."

Akaitoa chini ya kanga zake sandukuni. Kasimiri akakisoma kile Kiingereza polepole, kisha akamweleza kwa sauti ya chini: ni saratani, na mama alitakiwa arudi baada ya wiki tatu apasuliwe, kabla haijasambaa.

Marcelina akaketi kizingitini. Kasimiri akaketi kando yake, akasema kesho watapanda treni wote watatu, na daktari akikasirika, amkasirikie yeye.

"Mnanong'ona nini huko?" mama akauliza toka ndani.

Marcelina akamshika Kasimiri mkono.

"Mpenzi, nakuomba. Usimwambie kwamba barua ilikuwa inamwita yeye."

Mama akaita tena. Kasimiri akaikunja barua, akainuka, akaingia ndani.