Jani la Nyirabahire

Majirani zangu, nyinyi mnaoamka kuchota maji kabla jua halijapanda, nisikilizeni. Mwaka 1954 ua wangu hapa Gisenyi ulipakana na ua wa Hitimana, fundi cherehani. Asubuhi kwake zilikuwa za raha: mkewe Mukamazimpaka akichemsha chai, binti yao Nyirasafari, wa miaka mitano, akicheza na mbuzi mdogo, cherehani ikilia barazani.

Lakini nyuma ya ua huo kulikuwa na bonde dogo lenye mazuku. Kwa mgeni asiyeyajua, ni hewa mbaya itokayo ardhini. Haina rangi, hulala mabondeni asubuhi isiyo na upepo, na anayeiingia huanguka kimya. 

Kila alfajiri bibi Nyirabahire, mjane muuza samaki, alikatiza ua wa Hitimana akienda ziwani. Alikuwa na kienge cha majani makavu kinachowaka, akakiteremsha bondeni kwa ufito mrefu. Kikizimika, ilikuwa ishara kwamba hewa ile ipo, naye alichomeka jani la mgomba njiani, na watoto wote walijua kwamba hapo leo hapashukwi. Alifanya hivyo miaka tisa. Hakuna aliyemwambia aksanti, mimi nikiwemo.

Hitimana alituzidi sote kwa kukosa shukrani. Akiletewa chai, aliuliza mbona sukari kidogo. Mkewe alipomsihi amshukuru yule bibi, alijibu kwamba mtu hashukuriwi kwa kupita njia. Mwishowe harufu ya samaki ikamchosha.

"Mama, hapa haiko njia ya soko," alimwambia. "Na hii majani yako inachafua lupango yangu, hii ua yangu yote. Kesho usipite tena."

"Bon, sawa," bibi alijibu taratibu. "Lakini ile bonde, nani ataiangalia?"

 Hitimana aling'oa jani akalitupa, akaziba njia kwa miiba. Majirani tulimwona, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Siku ya tatu upepo haukuvuma. Mbuzi alikata kamba akateremka bondeni, na Nyirasafari akamfuata. Hakuona jani, basi akaamini ni salama. Mama yake alimwita mara moja, mara mbili, asipate jibu. Hapo hofu ikatuingia, ndugu zangu. Tulikimbia hadi ukingoni tukamwona mtoto amelala kando ya mbuzi, hajitikisi. Hitimana alipiga hatua mbili kushuka, tukamvuta nyuma. Sisi wengine hata hatua moja hatukupiga. Tuliogopa, wala sitawaficha.

Nyirabahire alitokea upande wa pili, kwenye ile njia ndefu aliyolazimishwa kuizunguka. Akatua kapu la samaki.

"Musishuke," alisema. "Mi nitamuleta."

Alivuta pumzi, akashuka haraka, akamwokota mtoto, akapanda naye hadi karibu na miguu yetu. Alipomwinua kumpokeza baba yake, pumzi ilimwishia. Hitimana alimdaka mtoto, lakini bibi akavuta ile hewa, akaporomoka hadi chini bondeni. Tulimwita kwa jina lake na hatukuweza kumfikia. Upepo ulianza kuvuma saa nne, ndipo tukamtoa, naye alikuwa ameshakufa.

Mtoto alikuwa ameshakohoa kitambo, akalia, akapona. Hitimana alipiga magoti mbele ya maiti. "Aksanti, mama," alisema, akarudia na kurudia mpaka mkewe akamwinua. Aliyestahili kulisikia neno hilo alilingoja miaka tisa.

Tangu siku hiyo Hitimana mwenyewe huenda ukingoni kila alfajiri na kienge, na kikizimika huchomeka jani. Asubuhi moja Nyirasafari alimngoja barazani. "Aksanti, baba," alimwambia. Fundi aliketi penye cherehani yake akalia. Mimi niliyekuwa nachungulia nilirudi kwangu, nikamshukuru mke wangu kwa uji. Alinitazama kwa mashaka, akauliza kama naumwa.

FUNZO

Moyo usio na shukrani hukausha mema yote. Tukizoea wema wa mtu tunauona kama uchafu wa njiani, tunaung'oa kwa mikono yetu, kisha tunaanguka pale pale ulipotukinga. Anayekupikia, anayekuonya, anayekuamkia mapema: mwambie aksanti leo, angali na masikio ya kukusikia.