Jina Lililofungua Kompyuta ya Mama

Alimpisha kwenye benchi akidhani amebeba mtoto.

Ndivyo ilivyoanza, na wanaosema mapenzi huanzia machoni waende zao, haya yalianzia kwenye ujinga. Ilikuwa Jumamosi mchana, stendi ya Masasi imefurika watu, wapiga debe wanagombania mabegi ya abiria kana kwamba wamerithishwa. Shakila Suleimani akashuka kwenye gari la Newala. Gauni la kitenge cha kijani limemkaa barabara, kilemba kimefungwa upande, na mgongoni kabeba kitu kizito kwa khanga kuukuu. Faridi, fundi kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, alikuwa benchini kwa mama muuza chai, chapati mkononi. Akainuka upesi.

"Kaa hapa, dada. Pole na safari. Mtoto kalala?"

"Huyu haamki," Shakila akajibu huku akikaa. "Ndiyo maana nimemleta."

"Tangu lini?"

"Tangu mama afariki."

"Jamani. Sasa dada yangu, unakaa kwenye chai? Twende hospitali, nitakushikia mkoba."

Shakila akamtazama kijana huyu mwenye mafuta ya chapati kidevuni, akaona kweli anataka kukimbia. Akafungua khanga. Ndani mlikuwa na boksi jeusi la kompyuta, vumbi limejaa kwenye matundu.

"Hospitali watamchoma sindano wapi huyu?"

Faridi akacheka mpaka chai ikampalia. Alipopata pumzi akajifuta kidevu, akasema, "Una bahati. Daktari wake ni mimi."

Kompyuta ilikuwa ya Mwalimu Faidha, mama yake Shakila, aliyefundisha shule ya msingi Newala mpaka ugonjwa ulipomlaza. Siku zake za mwisho alimwambia binti yake: mambo yako nimeyarekodi, yako kwenye folda yenye jina lako. Neno la siri akasahau kumwambia, au aliona litajulikana tu. Akafariki. Simu iliyokuwa na sauti yake nayo ikaibwa sokoni.

"Juzi nilijaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita nikiwa jikoni," Shakila akasema wakiwa kibandani, sauti imeshuka. "Nikakuta sauti siipati. Naanza kumsahau mama yangu, kaka Faridi. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Faridi akaacha utani. Akaunganisha boksi, kioo kikawaka, kikadai neno la siri. Chini yake kulikuwa na kidokezo alichokiacha marehemu: *Mwanangu.*

"Mko wangapi kwenu?"

"Peke yangu."

"Basi kazi imekwisha," akasema Faridi kwa majivuno, akaandika Shakila. Ikakataa. Akaandika kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, na mwaka wa kuzaliwa mbele, na mwaka wa kuzaliwa nyuma. Kompyuta ikakataa kila kitu bila haya.

"Si uvunje tu? Mafundi wote si mnavunja?"

"Mlango wa mbele naweza kuuvunja sasa hivi. Lakini mama yako alikuwa mjanja. Folda yako ameipiga kufuli linalofuata neno hilohilo. Nikivunja mlango, na ufunguo wa kabati unapotea, haturudi tena. Niachie. Nitaijaribu taratibu."

Akaachiwa. Na taratibu hiyo, wenzangu, ikawa taratibu kweli. Kila jioni simu ya Newala ilikuwa inalia.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Mgonjwa hajambo. Daktari ndiye hali yake mbaya. Hali, halali, anasikiliza simu tu."

"Mpe panadol."

"Dawa yake iko Newala, inashona nguo za watu, haina habari."

"Hiyo dawa ni chungu, mwambie."

"Nimeshaizoea, mpenzi."

Neno lilimtoka tu. Shakila hakulikataa. Kuanzia hapo wakaacha kabisa kujidanganya kwamba wanazungumzia kompyuta.

Jioni moja Faridi akaona afungue moyo. "Nikwambie siri? Kwetu Lushoto wananiita Kiazi. Nilizaliwa wakati wa kuvuna viazi, na kichwa changu umekiona. Ukimwambia mtu, nahama nchi."

"Kiazi," Shakila akarudia, akacheka mpaka cherehani ikasimama. "Kiazi changu cha Lushoto."

"Na wewe utotoni walikuitaje?"

"Shakila."

"Kabla ya hapo?"

"Hakuna kabla ya hapo." Simu ikakatwa.

Kijana wa kwetu angeelewa, angeomba radhi palepale. Faridi wa Lushoto akadhani mtoto wa watu anaona aibu, akataka kumfurahisha. Akamfuata Mussa, dereva wa gari la Newala aliyecheza mtaa mmoja na Shakila tangu wadogo. Mussa huyo anajua gari tu. Mdomo wake hauna breki.

"Alikuwa anaitwa Makapi," Mussa akasema akitazama pembeni ili asicheke. "Mwite hivyo mbele ya wazee wake. Wataona umeshakuwa wa nyumbani."

Siku ya kujitambulisha ikafika. Faridi akavaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka linakata, akapanda Newala na sukari, majani ya chai, na madumu mawili ya maji aliyoyabeba kutoka Masasi. Wazee walipoona madumu, nyuso zikafunguka. Mzee Suleimani aliipokea sukari kwa mkono mmoja na maji kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeona mabomba yetu, yamesimama kama mapambo tu. Karibu sana."

"Huyu kafundwa," akanong'ona Shangazi Mwanaheri, akipanga tambi kwenye sahani.

Ndipo Shakila akatoka chumbani. Gauni la zambarau, mtandio wa dhahabu, hina imekolea mpaka kwenye vifundo. Faridi akasahau hotuba yote aliyoikariri njiani.

"Makapi wangu," akasema kwa sauti ya kutosha wote, "leo umeniua."

Sahani ya tambi ikamponyoka Shangazi. Mzee Suleimani akaweka kikombe chini, akatazama ukuta. Shakila alisimama pale macho yakimjaa machozi, kisha akageuka akaingia ndani, na mlango ukafungwa kwa komeo.

Shangazi ndiye aliyemtoa nje. "Baba, nani kakupa jina hilo?"

"Shangazi, mimi nilidhani ni la mapenzi."

"Mama yake alizika watoto wawili kabla ya huyu. Huyu alipozaliwa akamwita vile, ili kifo kimpite. Nani anayataka maganda yaliyopepetwa? Akakua, akachezwa unyago, akatoka na jina la Shakila. Siku ile yule mtoto alikwisha. Sisi huku jina la utotoni halitamkwi tena na mtu yeyote, hata baba. Umemrudisha mwenzio utotoni mbele ya wazee wake, ni kama umemvua nguo."

"Sikujua, wallahi."

"Asiyejua naye ana faini yake. Utaleta jogoo. Sasa nenda, kabla mzee hajamaliza kuutazama ule ukuta."

Usiku huo simu haikulia. Asubuhi ukaja ujumbe mmoja: *Nirudishie kompyuta ya mama. Usiseme kitu.*

Faridi alikaa kibandani, moyo umemvimba, hata kula hawezi. Akaliwasha boksi mara ya mwisho, alizime vizuri kabla ya kulirudisha. Kidokezo kikamtazama: *Mwanangu.* Akakitazama na yeye. Mwanangu. Aliyeandika hapa si baba, si shangazi. Ni mama aliyezika wawili, akampata wa tatu, akamtafutia jina la kumficha. Akaandika lile jina lililomponza.

Ikafunguka.

Folda ya SHAKILA ilikuwa pale katikati ya kioo, inangoja kubonyezwa mara moja tu. Faridi akaondoa mkono, akazima. Hapo ndipo na mimi nilipomsamehe.

Mama muuza chai alimfunga boksi mgongoni kwa khanga ileile, naye akamshika jogoo mwekundu kwapani. Mussa alipomwona jogoo akajua kesi ilikofika, akampisha kiti cha mbele bila neno. Abiria ndio hawakunyamaza.

"Kaka, mama wa mtoto yuko wapi?"

"Kaninunia," Faridi akajibu, na gari zima likamhurumia.

Newala, Shangazi akapokea jogoo, akampima uzito kwa mkono, akaridhika. Shakila alikaa mbali, kajifunika mtandio mpaka puani.

"Weka hapo, uende," akasema.

"Naweka. Lakini iwashe kwanza, na uandike wewe. Andika yule mtoto wa mama yako. Mimi simtaji tena mpaka nife."

Shakila akamtazama kwa hasira. Kisha hasira ikapungua, macho yakapanuka. Akasogea, akaliunganisha boksi na kioo cha mama yake, akaandika polepole, herufi moja moja. Kompyuta ikafunguka, na folda ikafunguka, na Mwalimu Faidha akatokea kwenye video, yuko kibarazani kwake, khanga begani, anabangua korosho.

"Makapi, mwanangu," akasema, kwa sauti ileile ya kuita watu jikoni. "Umechelewa, ee? Nilijua mtaandika Shakila mpaka vidole viote sugu. Nimeweka jina ambalo hata wifi yangu Mwanaheri na mdomo wake hathubutu kulitaja. Sasa nisikilize. Lia kidogo, halafu basi. Na mwambie baba yako sukari vijiko vinne ni vingi."

Mzee Suleimani, aliyekuwa pembeni akitia sukari kwenye chai, kijiko cha nne kikiwa hewani, akakirudisha kwenye kopo. Kisha akalia waziwazi, na kucheka, vyote pamoja. Shakila alikuwa amekishika kioo kwa mikono miwili, anasema "abee mama, abee," kila akiitwa.

"Marehemu naye," Shangazi akasema akijifuta macho kwa ncha ya khanga, "tumtoze jogoo."

Walipobaki wawili mbele ya kompyuta, Shakila akauliza chinichini, "Uliitazama?"

"Hapana."

"Kwa nini, na ulishaifungua?"

"Hakuwa mama yangu. Nilitaka kwanza awe mama mkwe."

Shakila akainama, akabofyabofya, akamsogezea. "Nimebadilisha neno la siri. Ukiweza kufungua, lete mshenga."

Kidokezo kilisema: *Mchumba wangu.* Faridi akaandika Faridi. Ikakataa. Akaandika kwa herufi kubwa, ikakataa tena, jasho likamtoka.

"Daktari una kichwa kigumu," Shakila akasema. "Mama kakufundisha nini leo?"

Faridi akamtazama, akaanza kuandika huku akijitajia herufi kwa mdomo, na ikafunguka.

"Kiazi?" Shangazi akachungulia dirishani. "Kiazi ndiyo nani?"

"Shangazi," Shakila akajibu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Faridi, "huyo hatajwi mbele za watu. Lete jogoo."